Kutoka saidia fundi hadi fundi mwenye leseni: njia za mafunzo ya umeme na elektroniki Tanzania

Kijana anayemaliza chuo cha ufundi stadi kwa kawaida huamini kwamba cheti alichokabidhiwa kinamruhusu kufunga umeme katika nyumba ya mtu na kuidhinisha kazi hiyo kwa jina lake. Imani hiyo huvunjika siku mteja wake wa kwanza anapopeleka maombi TANESCO na kutakiwa kuwasilisha fomu ya wayaringi iliyosainiwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Fundi aliyechomeka kila soketi kwa mkono wake hulazimika kumtafuta mtu mwingine wa kusaini, naye mtu huyo hasaini bure. Kwa hiyo anayetaka kuingia katika ufundi huu ni vyema aanze kwa kuuliza anataka kufanya kazi gani hasa, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye chuo, kwa sababu matawi ya fani hii yanadai karatasi tofauti na yanalipa kwa namna tofauti.

Tawi linalojulikana zaidi ni ufungaji wa umeme majumbani, ambalo lina wateja wengi na mafundi wengi zaidi, hata ushindani wake wa bei umekuwa mkali mno mijini. Umeme wa viwandani una mafundi wachache kuliko kazi zilizopo: hapo fundi anashughulika na mota za njia tatu, kontakta, ovalodi, inveta za kudhibiti kasi na vidhibiti vinavyoendeshwa kwa programu, na thamani yake hupimwa kwa muda anaotumia kurudisha mtambo kazini. Yapo pia majokofu na viyoyozi, umeme wa magari, umeme wa jua, ujenzi wa njia za kusambaza umeme kwenye nguzo, na elektroniki, ambayo yenyewe imegawanyika katika mawasiliano, kompyuta, vifaa vya tiba na matengenezo ya vyombo vya nyumbani. Kwa maoni yangu, anayeishi Dar es Salaam, Mwanza au Arusha na hana mtaji afikirie kwanza umeme wa viwandani au viyoyozi kabla ya kukimbilia nyumba, ingawa nyumba ndizo zinazoonekana rahisi kuingia.

Mlango wa kwanza wa mafunzo ni VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, yenye vyuo vyake yenyewe na iliyokuwa ikisajili pia vyuo vya binafsi na vya taasisi za dini, kazi ambayo sasa ni ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Tuzo ya ufundi stadi huitwa NVA, yaani Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi, na ina hatua tatu, ambazo zilichukua nafasi ya majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza ambayo mafundi wakongwe bado huyataja. Mafunzo katika vyuo vingi huanza Januari, na fomu hutolewa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anayesubiri hadi Desemba huwa amechelewa. Kabla ya kulipa ada, tembelea karakana ya chuo na uangalie mambo machache: idadi ya wanafunzi wanaogawana ubao mmoja wa mazoezi, kama mota zilizopo zinazunguka au zimewekwa kwa maonyesho, na kama wapo wahitimu wa mwaka uliopita wanaoweza kukueleza walikofanyia mafunzo kwa vitendo. Chuo cha binafsi kioneshe cheti cha usajili bila kusitasita. Kikisita, ondoka.

Mlango wa pili ni vyuo vya ufundi, navyo vikiwa chini ya usimamizi wa NACTVET, ambako mtu husomea ngazi ya 4 hadi ya 6, na ngazi ya 6 ndiyo stashahada. Sifa ya msingi kwa mhitimu wa kidato cha nne ni ufaulu wa angalau alama D nne katika masomo yasiyo ya dini, na kwa fani za umeme vyuo hutazama sana Hisabati na Fizikia. Programu nyingi humpokea pia mwenye cheti cha kidato cha nne pamoja na NVA ya hatua ya tatu, jambo linalomfaa kijana ambaye matokeo yake ya sekondari hayakuwa mazuri lakini mkono wake ni mwepesi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ndizo taasisi za umma zinazotajwa zaidi katika fani hii. Chuo cha Ufundi Arusha kina pia kituo cha Kikuletwa, wilayani Hai, kinachofundisha nishati jadidifu kikiwa kwenye eneo la mtambo wa zamani wa umeme wa maji. Kuhusu ada, Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024, na ni busara kusoma mwongozo wa kila mwaka kabla ya kudhani kwamba fani yako imo.

Tofauti kati ya milango hii miwili huonekana wazi katika matangazo ya ajira serikalini. Mwenye cheti cha ufundi stadi huitwa fundi au fundi mchundo, mwenye stashahada huitwa fundi sanifu, na mwenye shahada huitwa mhandisi, na ngazi za mishahara zimefuata mgawanyo huo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi husajili wahandisi na vilevile mafundi sanifu, kwa hiyo mwenye stashahada asidhani kwamba bodi hiyo haimhusu.

Je, aliyejifunzia mtaani afanye nini? Wapo watu waliokuwa saidia fundi kwa miaka mingi, wanaojua kazi kuliko wahitimu wengi, lakini hawana karatasi hata moja. Hao wameandaliwa utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambao VETA huwapima kwa maswali na kwa vitendo, huwapa mafunzo mafupi ya kuziba mapengo, kisha huwatunuku cheti bila kuwarudisha darasani kwa miaka miwili au mitatu. Mapengo yanayojitokeza mara nyingi ni mahesabu, usomaji wa michoro na usalama, maana mtaani mtu hujifunza namna ya kuunganisha kabla ya kujua sababu ya kuunganisha hivyo.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo sehemu ambayo wanafunzi wengi huipoteza. Hutumwa kwenye kampuni, hupewa kazi ya kuchimba mitaro na kubeba nyaya, na baada ya wiki chache kitabu cha kumbukumbu hujazwa kwa maneno yaleyale kila siku. Mwanafunzi makini huomba kwa adabu awepo wakati wa kupima, kwa sababu kupima ndiko kunakomtenga fundi na mvuta nyaya. Nyumba ikishamalizika na kabla haijaunganishwa na mita, nyaya hupimwa kwa mega ya volti 500 ili kuona kama kihami chake, yaani ganda linalozuia umeme kuvuja, ni kizima, na usomaji ulio chini ya megaomu 1 ni ishara kwamba kuna unyevu, waya uliochubuliwa na bomba, au msumari uliopita pasipotakiwa. Hupimwa pia uendelevu wa waya wa ethi hadi kwenye kila soketi, ukinzani wa fimbo ya ethi iliyozikwa ardhini, na kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho kwa soketi za kawaida huwa cha miliampia 30. Andika namba hizo kwa tarehe na mahali katika kitabu chako, mwombe msimamizi asaini, na utakuwa na ushahidi wa uzoefu ambao barua ya jumla ya kampuni haiwezi kukupa.

Jifunze pia kuchagua waya kwa mahesabu badala ya mazoea. Waya wa milimita mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi ni desturi iliyoenea, lakini jiko la umeme, hita ya maji na pampu iliyo mbali na nyumba hudai hesabu ya mkondo na ya upungufu wa volti njiani. Fundi anayejua kufanya hesabu hiyo mbele ya mteja huaminiwa kazi ya pili.

Sasa tufike kwenye leseni. EWURA hutoa leseni za ufungaji umeme kwa madaraja, na maombi hupelekwa kwa mfumo wa mtandaoni yakiambatana na vyeti na maelezo ya uzoefu. Daraja A ndilo pana kuliko yote, na upeo wa kazi zinazoruhusiwa hupungua kadiri unavyoshuka kwenda B, C na D. Kuna pia daraja W kwa wafunga nyaya na daraja S kwa kazi maalumu. Mhitimu wa ufundi stadi asilenge daraja la juu kwa tamaa. Aombe lile linalolingana na cheti na uzoefu wake, alifanyie kazi, kisha apande. Jiandae kuulizwa kuhusu usalama, vipimo na kanuni, na upeleke kumbukumbu za kazi ulizofanya kweli, kwa sababu mtu aliyenakili uzoefu wa mwingine hujulikana kwa maswali mawili. Wanaofanya kazi bila leseni na kujifanya watumishi wa shirika la umeme wanaitwa vishoka, na kijana mwaminifu asiye na leseni huchanganywa nao bila kosa lake.

Leseni hii ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina ZURA kwa udhibiti na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kwa mafunzo, na anayevuka kwenda Kenya atakutana na EPRA, mdhibiti wa nishati wa huko, yenye madaraja yake yenyewe, na NITA, inayosimamia majaribio ya ufundi.

Kwa upande wa elektroniki njia ni tofauti, kwa sababu soko la kutengeneza redio na televisheni limepungua huku vifaa vipya vikiwa vya bei ndogo na bodi zake ngumu kutengenezeka. Kazi ipo kwenye inveta za umeme wa jua, mifumo ya kamera na kengele za ulinzi, vyanzo vya umeme vya mitambo ya viwandani, na vifaa vya tiba hospitalini, ambavyo vina programu zake maalumu katika taasisi za Dar es Salaam na Arusha. Anayeanza ajipatie maltimita nzuri na chuma cha kulehemu chenye kudhibiti joto, na ajizoeze kusoma mchoro wa saketi kabla ya kubadilisha hata kapasita moja. Oskiloskopu inaweza kusubiri.

Miradi mikubwa nayo imebadilisha ramani ya ajira. Reli ya kisasa iliyoanza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 inatumia umeme wa kilovolti 25, na Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa jumla wa megawati 2,115. Kazi za namna hiyo zinahitaji watu wa msongo mkubwa na vidhibiti, na huingiwa zaidi kwa stashahada au shahada kuliko kwa cheti cha majumbani.

Anayetaka kujitegemea baada ya kupata leseni asajili jina la biashara BRELA, achukue namba ya mlipakodi TRA, na ajue kwamba kuomba zabuni za ujenzi kama mkandarasi kunadai usajili mwingine katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kazi ya kwanza aiandikie makadirio yanayotenga vifaa, ufundi na upimaji kwa mistari tofauti. Mteja akisisitiza kununua vifaa mwenyewe, fundi amwandikie aina na ukubwa wa kila waya na kikata umeme, akague vilivyoletwa kabla ya kuvifunga, na akikuta waya mwembamba kuliko maandishi ya ganda lake aurudishe dukani siku hiyohiyo, kabla haujaingia ukutani.