Kutuma bakapu ya seva kwenda mbali kwa rsync, kwa sisi wa Kigoma

Jamani wenye seva hapa Kigoma, iwe ya shule kule Ujiji au ya duka la jumla pale Mwanga, bakapu (nakala ya akiba) msiitume kwa scp, ile komandi ya kukopi faili kwenda seva nyingine. Laini ikikata katikati, na msimu wa mvua na radi hizi za ziwani inakata kweli, ukirudia scp inaanza faili lote upya na bando ndo limeshaenda hivyo. Tumia rsync, nayo ni komandi ya kutuma mafaili, ipo tangu 1996, kwenye Ubuntu ni apt install rsync tu, ila iwepo pande zote mbili, kwako na huko unakotunzia.

Anza na ufunguo wa SSH, wa kuingia seva ya mbali bila kuandika nywila: ssh-keygen -t ed25519, halafu ssh-copy-id bakapu@seva-ya-mbali. Ukiulizwa nywila ya ufunguo iache tupu maana bakapu itajituma yenyewe usiku na hakuna wa kuiandika, kwa hiyo huo ufunguo usimpe mtu yeyote.

Kama una databesi ya MySQL usikopi mafaili yake huku watu wanauza, itatoka mbovu. Toa kwanza nakala (duka hapo ni jina la databesi):

mysqldump --single-transaction duka > /srv/data/duka.sql

Sasa kutuma:

rsync -aP --bwlimit=500 /srv/data/ bakapu@seva-ya-mbali:/bakapu/data/

Hiyo -P ndo mkombozi wetu, inaonyesha imefika wapi na faili lililokatika linabaki, ukirudia komandi inamalizia kilichobaki. --bwlimit=500 inaibana isipite kilobaiti 500 kwa sekunde ili wenzako ofisini nao wapate mtandao. Ule mkwaju (/) wa mwisho baada ya /srv/data uuangalie sana: ukiwepo vinaenda vilivyomo ndani, ukiutoa inaenda folda nzima na unajikuta na data ndani ya data. Ongeza -n kwanza, itakuonyesha tu itakachofanya bila kutuma kitu.

--delete, ile ya kufuta kule faili ambalo kwako halipo tena, mimi nasema iacheni kwanza. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya mchana, usiku rsync nayo inalifuta kule kwenye bakapu, sasa utalitoa wapi?

Ikikubali weka komandi zote mbili, mysqldump kisha rsync, kwenye crontab -e (ratiba ya kazi ambazo seva inazifanya yenyewe), mwanzo andika 0 1 * * * yaani saa saba usiku, lakini piga date kwanza, seva ikiwa kwenye UTC (saa ya dunia, iko nyuma ya yetu kwa saa tatu) basi weka 22 badala ya 1.

Na kila mwezi geuza komandi, vuta faili mojamoja kutoka kule ulete kwenye folda ya majaribio, ulifungue, hiyo duka.sql uiingize kwenye databesi tupu uone mauzo ya jana yamo.