Namna ya Kubuni Kasri la Dola ya Kufikirika: Ramani na Historia Yake

Mwandishi wa riwaya, mchoraji wa katuni au mtunzi wa michezo ya kompyuta anayeishi Dar es Salaam, akitaka kubuni kasri la dola ambayo haijawahi kuwapo, hana haja ya kuazima ngome za theluji kutoka mbali. Mji anaokaa ulianza kama mradi wa mtawala. Sultan Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860, na alipofariki mwaka 1870 kazi ikasimama, kwa kuwa mrithi wake, Barghash, hakuutilia maanani mji huu mpya. Kasri la Majid halipo tena, lakini Boma Kongwe, lililojengwa mwaka 1866 hadi 1867 kwa ajili ya wageni wake, bado limesimama kando ya Barabara ya Sokoine likielekea bandarini. Nenda ukalitazame kabla ya kushika kalamu. Unene wa kuta zake za mawe ya matumbawe na nakshi za milango yake vitakufundisha mengi kuliko picha mia za mtandaoni.

Makasri mengi ya kubuni yanashindwa kwa sababu moja: mtunzi huchora kwanza, kisha hutafuta historia ya kubandika juu ya mchoro. Fanya kinyume chake. Andika kwanza nani alijenga, alimwogopa nani, utajiri wake ulitoka wapi, na nini kilimharibia mipango. Ukishayajua hayo, sehemu kubwa ya ramani itakuwa imejichora yenyewe.

Anza na mahali. Jiulize maji ya kunywa yanatoka wapi, adui angekuja kwa njia gani, na mali inaingilia wapi. Mfano bora tulio nao karibu ni Husuni Kubwa katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, jengo lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika enzi ya Sultan al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Limekaa juu ya genge linalotazama bahari, lina vyumba vinavyokaribia mia, lina birika la kuogea lenye pembe nane, na upande wa kusini lina ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vya kuhifadhia bidhaa. Mpangilio huo peke yake unakueleza kwamba mwenye nyumba alikuwa mtawala na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, na kwamba hakuona aibu kulala jirani na maghala yake. Dola yako ikiishi kwa kodi ya mashamba badala ya biashara ya bahari, basi ua huo ugeuze kuwa wa vihenge na wa makarani wanaopima nafaka, na lango lake lielekee barabara ya bara.

Baada ya mahali, chagua vifaa vya ujenzi, na hapa usiwe na haraka, maana ndivyo vitakavyokupa vipimo. Katika nyumba za mawe za pwani yetu, dari ilibebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti ya mkoko haiendi mbali: ikizidi kiasi cha mita tatu hivi huanza kulegea chini ya uzito wa mawe na chokaa, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo vilikuwa vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Mtawala aliyetaka ukumbi mpana ilimbidi asimamishe nguzo katikati, au ajenge kuba, au aagize mbao ndefu kutoka mbali. Kila moja kati ya njia hizo ina gharama yake, na gharama ni hadithi. Ukitumia karatasi ya miraba, kila mraba ukiwa mita moja, kataza chumba chochote kuzidi miraba mitatu kwa upana mpaka uwe umeandika sababu ya kukiruhusu. Utashangaa jinsi katazo hilo dogo linavyolipa kasri lako sura ya kweli.

Sasa historia yenyewe. Kasri la dola ni kazi ya vizazi, kwa hiyo lipe watawala watatu au wanne ambao kila mmoja ameacha alama. Mjini Gondar, Ethiopia, mji ulioanzishwa na Mfalme Fasilides mwaka 1636, wafalme waliomfuata hawakuishi tu katika ngome yake. Waliendelea kujenga majumba yao ndani ya ukuta mmoja, na leo boma hilo lote lina ukuta wenye urefu wa mita 900 hivi na mkusanyiko wa majengo yasiyofanana. Beijing nako, kasri kuu lililojengwa kati ya 1406 na 1420 lilipoteza kumbi zake tatu kubwa kwa moto mwaka 1421, mara tu baada ya kukamilika. Zanzibar iko karibu zaidi na mioyo yetu: tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza ilivunja kasri la Beit al-Hukm kwa vita vya chini ya saa moja, ilhali Beit al-Ajaib, jengo alilolijenga Barghash mwaka 1883, lilinusurika. Mahali palipokuwa na kasri pakawa bustani, na mnara mpya wa saa ukaongezwa kwenye uso wa jengo lililobaki. Nafasi tupu kama hiyo ni ya thamani kubwa kwa mtunzi. Ramani isiyo na pengo, isiyo na jengo lililopinda kukwepa kitu kisichokuwapo tena, haijaishi.

Nitoe mfano wa kubuni. Tuseme kuna Kasri la Mwambakuu, makao ya dola ya pwani. Mfalme wa kwanza alikuwa nahodha. Alijenga nyumba moja ya mawe juu ya kisima, na mlango wake ukaelekea bahari. Wa pili alishinda vita vya bara, akajenga ukumbi wa kupokea machifu upande wa magharibi, na kwa kuwa wageni wake sasa walitoka nchi kavu, lango kuu likahamia huko, na mlango wa zamani wa bahari ukawa wa wapishi na wavuvi. Wa tatu alipinduliwa kwa nguvu kupitia mlango huohuo wa wavuvi. Wa nne akauziba kwa mawe, akachimba kisima kingine ambacho maji yake yana chumvi, na tangu hapo watumishi wanabeba maji matamu kwa kuzunguka ukuta mzima. Hapo una ramani nzima: msingi wa zamani kwenye kisima, ukumbi ulioelekea magharibi, mlango ulioziba ambao rangi ya chokaa yake haifanani na ukuta, na njia ndefu ya maji. Kila kimojawapo kinaweza kuzaa sura ya riwaya, na hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa ajili ya pambo.

Malango yafuate baada ya hapo. Kasri hupanga watu kwa umbali wanaoruhusiwa kuingia. Topkapı, kasri la masultani wa Dola ya Uthmania mjini Istanbul, lilikuwa na nyua nne zilizofuatana. Ua wa kwanza ulikuwa wazi kwa watu wengi, lakini katika lango la ua wa pili kila mtu alishuka farasi isipokuwa Sultan. Nyumba ya Kiswahili ina adabu hiyohiyo kwa kipimo kidogo, kutoka baraza hadi daka, kutoka daka hadi sebule, kisha ndani kabisa ambako mgeni hafiki. Huko Zanzibar, majumba ya Sultan yaliunganishwa kwa vivuko vya juu ili wanawake wa kasri wapite bila kuonekana na watu wa mtaani. Kwa kila lango unalochora, andika pembeni sentensi mbili: nani anasimamishwa hapa, na nani anapita bila kuulizwa. Lango lisilomsimamisha mtu yeyote lifute.

Usiwasahau watu wanaofanya kasri liende. Sayyida Salme, binti wa Sultan wa Zanzibar aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 juu ya nyumba iliyojaa mamia ya watu, na wengi kati ya watu wa makasri hayo walikuwa watumwa. Mtunzi anayechora ukumbi wa kiti cha enzi bila kuchora mahali wanapolala wanaoufagia amewanyima haki watu waliolibeba jengo hilo mabegani, na hadithi yake hupungukiwa macho yanayoona kila kitu. Chora majiko, mahali pa kuni, vyoo, njia ya kutolea taka, chumba cha walinzi wa usiku, na makaburi.

Ukimaliza, jaribu ramani kwa sinia ya wali. Ifuate kutoka jikoni hadi mbele ya mfalme: imepita milango mingapi, nani ameifunua na kuionja, imepita ua wa wazi ambako mvua ya masika ingeinyeshea, imefika ikiwa moto au imepoa? Rudia zoezi hilo kwa barua ya siri, kwa mgonjwa anayehitaji mganga, na kwa moto ulioanza ghalani usiku wa kaskazi. Mahali ambapo safari inakwama bila sababu ya kihistoria, rekebisha mchoro. Inapokwama kwa sababu mtawala fulani aliziba njia, iache kama ilivyo.

Ramani utakayomwonyesha msomaji iwe pungufu kuliko uliyo nayo. Mchoro wa mwanzo wa kitabu uonyeshe yale tu ambayo mgeni aliyefika ukumbi wa magharibi angeyajua: lango kuu, ukumbi, msikiti, mnara. Mlango ulioziba, kisima cha zamani na njia ya wabeba maji vibaki katika daftari lako, vitokeze kimoja kimoja kadiri mhusika anavyozidi kuingia ndani.