SOMO: Kudhibiti mvuke wa LNG wakati wa kujaza meli

Naandika mara moja, ili nikiulizwa tena nielekeze hapa. LNG, yaani gesi asilia iliyopozwa ikawa kimiminika, hukaa kwenye nyuzi joto -162 za Selsiasi hivi, na joto lolote linalopenya hugeuza sehemu yake kuwa mvuke. Huwezi kuzuia hilo. Kazi yako ni kuupa mvuke pa kwenda kabla valvu ya usalama haijafunguka.

1. Pande zote mbili, meli na msambazaji, zikubaliane kwa maandishi: joto na presha ya kila tangi, kasi ya kujaza, nani anatoa amri ya kusimama.

2. Unganisha mpira (bomba linalopindika) wa kimiminika na wa mvuke, huu wa pili ukiurudisha mvuke kwa msambazaji, kisha jaribu mfumo wa kusimamisha kwa dharura.

3. Fukuza hewa kwa naitrojeni. Kagua uvujaji.

4. Poza mabomba. Hapa ndipo wenye haraka huumbuka. Lita moja ya LNG ikishageuka gesi na kupata joto la kawaida hujaza takribani lita 600. Ukiifungulia kwa mkupuo kwenye bomba lenye joto, presha inapanda kuliko mpira wa mvuke unavyoweza kuipokea. Anza kidogo kidogo. Tazama barafu nyeupe ikitambaa juu ya bomba. Haijafika flenji (kiungo cha bomba) ya mwisho, usiongeze kasi. Na chini ya maunganisho pawe na trei: chuma cha kawaida cha sitaha kikidondokewa na LNG hupasuka kama kioo.

5. Anza kujaza kwa kunyunyizia juu. Matone baridi huurudisha mvuke kuwa kimiminika, presha hushuka. Ikitulia, hamia chini. Ikipanda, rudi juu.

6. Punguza kasi mapema. Tangi lisizidi asilimia 98 kwenye joto la rejea, yaani joto ambalo presha ya mvuke hufikia kiwango cha kufungua valvu ya usalama. LNG ikipata joto hutanuka, kwa hiyo unapakia chini ya hapo.

7. Ondoa mabaki, pitisha naitrojeni, ndipo utenganishe. Usiache kimiminika kimefungiwa kati ya valvu mbili.

MASWALI

— Mkuu, si tufungue tu mvuke upae angani?

Hapana. Kanuni za IGF, zile za kimataifa za meli zinazotumia gesi kama mafuta, hazikubali kushusha presha kwa njia hiyo, ila kwa dharura. Tena mvuke baridi ni mzito kuliko hewa: haupai, unatambaa sitahani.

— Nanyunyizia juu lakini presha bado inapanda. Nakosea wapi?

Swali zuri, ndugu. Angalia joto la LNG unayopokea. Kama imekaa muda mrefu kwa msambazaji, huenda ina joto kuliko iliyomo tangini mwako. Hapo unajiongezea mvuke. Punguza kasi, rudisha mvuke zaidi kwake, na safari ijayo dai joto liandikwe kwenye hatua ya 1.

— Tangi langu ni aina C. Mpira wa mvuke wa nini?

Umesema kweli. Aina C ni tangi la presha, hustahimili, mara nyingi hujazwa bila mpira huo. Tangi la utando, lenye ukuta mwembamba unaoegemea mwili wa meli, haliruhusiwi kuzidi baa 0.7. Somo ni la wote.

— Nyongeza: mvuke uliorudishwa ukatwe kwenye hesabu ya nishati.

Kweli kabisa, asante. Hati ya makabidhiano ikionyesha kimiminika peke yake, unalipia gesi uliyoirudisha. Usiisaini.