Unataka urubani? Anza kuangalia herufi zilizoandikwa kwenye ndege

Meseji ninayoipata sana inboksi ni hii: kaka nimemaliza form six, PCM, nataka kuwa rubani, nisome wapi, Sauzi, Marekani au Nairobi, wapi ni cheap? Huwa sijibu. Namuuliza swali langu kwanza: wewe unataka kurusha ndege zenye herufi gani?

Maana ndege ya kiraia ina usajili kama gari lilivyo na namba. Ya Tanzania inaanza na 5H, Kenya 5Y, Uganda 5X, Rwanda 9XR, Sauzi ZS, Marekani N. Tangu ule Mkataba wa Chicago wa 1944, rubani wa safari za kimataifa anatakiwa awe na leseni iliyotolewa au kukubaliwa na nchi iliyosajili hiyo ndege, siyo nchi aliyozaliwa wala aliyosomea. Kwa hiyo ukirudi na leseni yako ya Marekani inang'aa na unataka kukaa kwenye Caravan (ndege ndogo ya abiria) ya 5H inayopeleka watalii Serengeti, bado una safari ya kwenda TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, wahakiki makaratasi yako, kuna mitihani ya kufanya, kuna kupimwa angani, na hiyo yote ni hela na miezi ambayo haikuwepo kwenye bajeti ya mzee wako. Sisemi usiende, nasema ihesabu. Kabla hujalipa popote, nenda ofisi ya mamlaka ya nchi unayotaka kufanyia kazi (TCAA, KCAA, UCAA) uwaulize kwa maandishi: nikija na leseni ya nchi fulani mtanidai nini? Majibu yaweke kwenye faili.

Kingine kabla ya hela ni medikali, yaani cheti cha afya cha rubani. Hapa watu wanaumia kweli. Kwa leseni ya binafsi, yaani PPL, inatosha medikali ya daraja la pili, na shule itakupokea nayo vizuri tu. Lakini leseni ya biashara, CPL, inataka daraja la kwanza, ambapo wanakupima na vitu kama moyo kwa mashine ya ECG na masikio kwa undani zaidi. Kuna jamaa tulianza naye, alishapeleka ndege peke yake na tukammwagia maji kama ilivyo kawaida kwa anayeruka peke yake mara ya kwanza, karudi kuomba daraja la kwanza ndo moyo unaleta maswali, kaanza kuzungushwa kwa madaktari mwaka mzima na ada imeshaliwa. Nenda kapime daraja la kwanza siku ya kwanza, kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka, siyo hospitali yoyote. Miwani yenyewe siyo kikwazo mradi ukivaa unaona inavyotakiwa, ila rangi zinapimwa, nyekundu na kijani hasa.

Ngazi zenyewe hazina siri. PPL miaka 17 na masaa 40, CPL miaka 18 na masaa 200 (au 150 kama ni kozi moja iliyounganishwa na kuidhinishwa), ATPL, ile ya rubani mkuu wa ndege kubwa za mashirika, miaka 21 na masaa 1,500. Hivyo ni viwango vya chini vya kimataifa, nchi inaweza kuongeza, Marekani kwa mfano ukisoma kwa njia yao ya kawaida CPL ni masaa 250. Katikati hapo kuna retingi, yaani kibali cha ziada kwenye leseni, ya kuruka kwa kutegemea vyombo, ya injini mbili, na Kiingereza cha ICAO, shirika la anga la kimataifa, angalau level 4. Sasa kosa la wengi ni kupanga hela ya masaa 40 kamili. Kichwani mwako weka 55 mpaka 60, maana kuna mvua, kuna instrakta kaumwa, kuna wewe mwenyewe kusahau ulichofundishwa kwa sababu umekaa wiki tatu bila kuruka ukisubiri hela. Bora usubiri nyumbani uzichange zote za PPL kisha uruke mfululizo.

Haya, njia. Nairobi, pale Wilson, shule zipo nyingi, unajifunza uwanja wenye ndege kibao na uko juu zaidi ya futi 5,000, mchana wa jua kali Cessna inapanda kwa kujivuta mpaka unaelewa somo la hewa nyepesi bila kuelezwa. Soroti kule Uganda ni chuo cha serikali cha tangu 1971. Sauzi hali ya hewa nzuri na viwanja vingi, ila viza ya masomo ianze mapema. Marekani unamaliza haraka, kuna uchunguzi wa usalama wa TSA, idara yao ya usalama wa usafiri, kabla hujaanza kuruka, na usidanganywe na mtu kwamba viza ya mwanafunzi ndo kibali cha kazi. Ulaya ni mitihani 13 ya nadharia, ukianza una miezi 18 kuimaliza, na tangu 2021 leseni ya Uingereza na ya EASA, mamlaka ya anga ya Umoja wa Ulaya, ni vitu viwili tofauti, wapo wanaochanganya mpaka leo. Halafu kuna ukadeti, shirika linakuchukua na kukufunza, nafasi ni chache na mkataba unakufunga miaka, lakini kama huna mtaji mimi ningeomba huko kabla ya kuuza kiwanja cha familia.

Mimi binafsi, kwa mtu anayetaka kufanya kazi hapa hapa, naegemea kusoma ndani ya Afrika Mashariki hata kama saa moja ni ghali zaidi. Ghali kwa sababu hizi ndege ndogo za mafunzo zinakunywa avgas, petroli ya ndege, ambayo kwetu ni bei na mara nyingine haipatikani. Ukiuliza bei ya saa, uliza kama mafuta yamo, instrakta yumo, ada ya kutua imo, na mwisho wa yote mtahini analipwa na nani. Na usilipe zote kwa mpigo! Nililipa ya CPL nzima kwa punguzo, ndege mbili za shule zikakaa chini kusubiri spea, nikaangalia anga kwa miezi mitano. Lipia masaa kumi kumi.

Ukimaliza na 200 zako usishangae simu haiiti. Kampuni na bima zao wengi wanataka masaa zaidi, hivyo wakati unachagua shule uliza kama wanafundisha uinstrakta na kama wanaajiri wanafunzi wao, maana hiyo ndo njia ya kuongeza masaa ukilipwa badala ya kulipa. Na logibuku yako, daftari la kuandika masaa unayoruka, igongwe muhuri na kusainiwa na shule kila mwezi, siyo siku ya mwisho, kwa sababu siku unabadilisha leseni mamlaka itaandikia shule kuulizia masaa yako na yule instrakta mkuu aliyekufahamu anaweza kuwa alishahamia Gulf zamani.