Kuandaa Nyaraka na Kitambulisho cha Mtihani wa Kujiunga na Chuo: Anza na Jina

Mwezi uliopita mpwa wangu alifanya mtihani wa kujiunga na chuo, na kwa wiki kadhaa kabla ya hapo tulikaa pamoja mezani tukiandaa nyaraka zake. Ninaandika mwongozo huu nikiwa bado nayakumbuka yote, kwa sababu nimeona tena kile nilichojifunza kwa uchungu nilipokuwa na umri wake: fomu ya usajili si mwanzo wa kazi. Mwanzo ni kitambulisho kitakachoonyeshwa mlangoni siku ya mtihani, na kila kitu kingine hunakiliwa kutoka humo.

Hatua ya kwanza: Soma tangazo lote

Lisome tangazo la mtihani mpaka maandishi madogo ya chini, ukiwa na kalamu na karatasi, na uandike mambo manne: aina za vitambulisho vinavyokubaliwa, siku ya mwisho ya kujisajili, siku ya mwisho ya kusahihisha taarifa, na vipimo vya picha. Siku ya kusahihisha ndiyo inayosahauliwa zaidi, ilhali ndiyo itakayokuokoa ukigundua kosa baada ya kulipa. Usitegemee muhtasari unaosambazwa kwenye makundi ya simu, hata kama aliyeutuma ni mwalimu unayemwamini.

Hatua ya pili: Chagua kitambulisho kimoja na ushikamane nacho

Kitambulisho kinachofaa ni kile halisi unachoweza kukishika mkononi, chenye picha inayokufanana, kilichotolewa na mamlaka inayotambuliwa na waendeshaji wa mtihani, na ambacho muda wake hautakuwa umekwisha siku ya mtihani. Nasisitiza siku ya mtihani, kwa sababu wengi huangalia tarehe siku ya kujisajili na kuridhika, kumbe kati ya siku hizo mbili kuna miezi mitatu au minne. Nakala haitoshi, hata ikiwa imegongwa muhuri wa wakili, na kwa kawaida picha iliyomo kwenye simu haitoshi pia. Mtihani wa SAT, unaotumiwa kujiunga na vyuo vya Marekani, kwa mfano, haukubali kitambulisho cha kielektroniki. Cheti cha kuzaliwa kinathibitisha jina na umri lakini hakina sura, kwa hiyo hakiwezi kusimama peke yake. Risiti ya kuomba kitambulisho kipya si kitambulisho.

Kama unayo pasipoti na imetajwa kwenye orodha, itumie hiyo. Inakubaliwa kwa upana kuliko kadi nyingine yoyote, na majina yake yamepangwa kwa utaratibu unaofahamika duniani kote, jambo ambalo litaonekana umuhimu wake katika hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: Majina

Hapa ndipo nakuomba utulie. Tandaza mezani kila hati uliyonayo yenye jina lako: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho, pasipoti. Kwenye karatasi moja, andika jina kama lilivyo katika kila hati, herufi kwa herufi, moja chini ya jingine. Usiandike kwa kukumbuka. Andika kwa kutazama.

Tulipofanya hivyo na mpwa wangu, tulipata majina matatu kwenye cheti cha kuzaliwa, mawili na herufi moja ya kifupi kwenye cheti cha sekondari, na matatu kwenye pasipoti, lakini moja likiwa limepungukiwa na herufi «h». Akaniuliza, "Mjomba, si jina ni lilelile tu?" Kwetu sisi tunaomjua ni lilelile. Msimamizi aliye mlangoni hamjui. Ana orodha mkononi na kadi mbele yake, na wajibu wake ni kuona kama viwili hivyo vinalingana. Mohamed, Mohammed na Muhammad kwake ni watu watatu.

Mimi nilijisajili kwa jina nililozoeleka nalo shuleni, wakati kitambulisho changu kilibeba jina la baba na la babu. Nilisimamishwa nje ya chumba kwa dakika 40 huku wakipiga simu kuulizana, nikaingia wenzangu wakiwa wameshafungua karatasi, na muda ule sikufidiwa. Baadaye nilizunguka kwa wiki kadhaa ili matokeo yatoke kwa jina sahihi. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: usajili unafuata kitambulisho, wala si cheti cha shule, wala si jina la nyumbani, wala si jina lililo kwenye barua pepe.

Ukishaikubali kanuni hiyo, yanabaki mambo madogo ambayo kila moja linaweza kukupotezea siku nzima.

La kwanza ni visanduku. Fomu nyingi zina kisanduku cha jina la ukoo na kisanduku cha majina uliyopewa, bila mahali pa jina la kati. Kama unatumia pasipoti, tazama mistari miwili ya herufi kubwa iliyo chini ya ukurasa wenye picha. Kila mstari una nafasi 44. Mstari wa juu huanza na alama ya aina ya hati na msimbo wa nchi, kisha jina la ukoo, kisha alama mbili zilizofuatana za «<<», na baada yake majina uliyopewa. Kilicho kabla ya alama hizo mbili ndicho cha kuingia kwenye kisanduku cha ukoo, na kilicho baada yake, pamoja na jina la kati, kiingie kwenye kile kingine, isipokuwa kama maelekezo ya mtihani yanasema vinginevyo. Mpwa wangu alikuwa ameyageuza majina yake, na mistari hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi.

La pili ni alama zilizomo ndani ya jina. Wenye majina yenye «ng'» wanajua taabu hii: baadhi ya mifumo hukataa ile alama ya ritifaa. Katika mistari ile ya pasipoti ritifaa huondolewa na herufi huunganishwa bila kuacha nafasi, ilhali kistari cha kuunganisha majina mawili hugeuka kuwa «<» moja. Ushauri wangu ni kunakili jina kutoka sehemu ya juu ya ukurasa, ambako limeandikwa kwa ukamilifu, na pale tu fomu inapokataa alama ndipo uifuate ile mistari ya chini. Tena majina marefu yanaweza kukatwa kwenye mistari hiyo, kwa kuwa nafasi za jina ni 39 tu, kwa hiyo usikubali kunakili jina lililokatwa wakati jina zima liko hapo juu.

La tatu ni kivinjari kinachojaza chenyewe. Kama unatumia kompyuta ya mzazi au ya ofisini, izime huduma hiyo kabla ya kugusa fomu. Inaweza kupachika jina la mwenye kompyuta kwenye kisanduku ambacho hukukitazama mara ya pili.

La nne ni tarehe ya kuzaliwa. Tarehe iliyoandikwa 03/04 inaweza kuwa ya mwezi wa tatu au ya mwezi wa nne, kutegemea nani ameiunda fomu. Tafuta mfano uliotolewa kando ya kisanduku, na kama mwezi unachaguliwa kwa jina, shukuru na uchague kwa jina.

Sasa, itakuwaje kama hati zenyewe hazilingani? Kama tofauti iko kati ya usajili na kitambulisho, sahihisha usajili, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Usikimbilie kubadilisha kitambulisho mtihani ukiwa umekaribia, maana hati ya zamani ikishachukuliwa na mpya haijatoka utabaki huna chochote cha kuonyesha. Kama tofauti iko kati ya kitambulisho na vyeti vya shule, hilo mara nyingi litaulizwa na chuo wakati wa udahili, na hapo ndipo hati ya kiapo inaposaidia: unaapa mbele ya wakili au kamishna wa viapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Iandae mapema, hakikisha imetaja kila jina kama lilivyoandikwa katika kila hati, na uiweke pamoja na vyeti. Aliyebadili jina kwa ndoa afanye vivyo hivyo kwa cheti cha ndoa. Lakini usiibebe hati ya kiapo kwenda nayo mtihanini ukitumaini itaziba pengo la kitambulisho kisicholingana, isipokuwa kama waendeshaji wamekuthibitishia hivyo kwa maandishi.

Hatua ya nne: Picha

Piga picha mpya. Usikate uso wako kutoka kwenye picha ya sherehe. Ukuta uwe mweupe au wa rangi hafifu, mwanga utoke mbele yako, masikio na paji la uso vionekane kadiri maelekezo yanavyotaka. Kipimo kinachotumika sana ni milimita 35 kwa 45, ambacho kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi ni takriban pikseli 413 kwa 531. Fomu inapotaja kilobaiti inazungumzia uzito wa faili, na inapotaja pikseli inazungumzia ukubwa wa picha. Ukipunguza kimoja ukidhani ni kingine, mfumo utakukatalia bila kukueleza kwa nini. Ukitumiwa picha na mpiga picha kwa WhatsApp, mwombe aitume kama faili, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora.

Hatua ya tano: Kuskani vyeti

Napendelea skana ya mezani kuliko kamera ya simu, na sibadiliki katika hilo. Simu huacha kivuli cha mkono, hupindisha kingo, na hufifisha muhuri, wakati muhuri ndio unaotazamwa kwanza. Skani kwa nukta 300, kwa rangi, kila cheti faili moja ya PDF, pande zote mbili kama nyuma kuna maandishi. Taja faili kwa jina lako na aina ya cheti.

Hatua ya sita: Jaza, lipa, hifadhi risiti

Ukifika hapa ukiwa na karatasi yako ya majina, kujaza fomu ni kazi ya nusu saa.

Hatua ya saba: Hati ya kuingilia mtihani

Ipakue siku ileile inapotolewa, maana kama ina kosa utahitaji muda wa kulalamika. Linganisha jina, tarehe ya kuzaliwa, picha, kituo na namba ya mtahiniwa. Chapa nakala mbili kwenye karatasi nyeupe ya A4, bila kuipunguza, ili msimbo wa mistari usomeke.

Kisha soma saa kwa makini. Hati iliyoandikwa 8:00 kwa utaratibu wa Kizungu inamaanisha saa mbili asubuhi, si saa nane. Najua kila msomaji analifahamu hili, lakini mtu mwenye wasiwasi huisoma namba kama alivyozoea kuitamka. Andika kwa kalamu kando yake, kwa maneno: saa mbili kamili asubuhi. Kama mtihani unafanyika kwa intaneti, angalia pia ni saa za nchi gani zilizotajwa.

Nakala moja ya hati iingie kwenye bahasha ngumu pamoja na kitambulisho halisi. Ya pili ibaki na mtu wa nyumbani atakayepatikana kwa simu. Usiku wa kuamkia mtihani tuliifungua bahasha ile kwa mara ya mwisho. Mpwa wangu alishika pasipoti, mimi nikashika hati, akasoma jina lake kwa sauti herufi moja baada ya nyingine, nami nikifuata kwa kidole mpaka ile ya mwisho.