Umesahau nenosiri la nakala rudufu ya iPhone? Usiifute simu kwanza

Kinachowagharimu wengi si kusahau nenosiri, bali ni kuifuta simu kwa haraka wakitumaini kuijaza upya kutoka kwenye nakala iliyohifadhiwa katika kompyuta, kisha kompyuta ikawadai nenosiri ambalo hata hawakumbuki kuliweka. Ikiwa umekwama hapo na simu bado ina vitu vyake, iache kama ilivyo: usiifute, usiiuze, wala usimwachie fundi aijaribujaribu. Maadamu unaweza kuifungua, picha, ujumbe na namba zako zimo ndani yake na unaweza kutengeneza nakala nyingine. Kilicho hatarini ni nakala ya zamani tu.

Kwanza elewa ni nenosiri lipi linalodaiwa, maana watu hulichanganya na mengine mawili. Si namba ya siri ya kufungulia skrini, wala si nenosiri la akaunti ya Apple unalotumia kupakulia programu. Ni lile uliloandika siku ulipoweka alama kwenye kisanduku cha "Encrypt local backup" (yaani, funga nakala kwa nenosiri) katika iTunes, katika Finder ya Mac, au katika programu ya Apple Devices ya Windows. Linahusu nakala zinazowekwa kwenye kompyuta peke yake. Zile za iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, hazilihitaji. Tena, agizo la kufunga nakala hukaa ndani ya simu, si ndani ya kompyuta, na ndiyo maana kuhamia kompyuta nyingine hakusaidii: nakala itakayotoka huko nayo itafungwa kwa nenosiri lile lile. Hata ukitaka kuondoa alama kwenye kisanduku, utaulizwa hilo hilo ulilolisahau.

Anza kwa kukisia, lakini kwa utaratibu, ukiandika kila unalojaribu ili usirudie. Jaribu namba ya kufungulia simu, ya sasa na za zamani, kisha nenosiri la akaunti ya Apple, la barua pepe na la kuingilia kwenye kompyuta yenyewe. Jiulize ni mwaka gani uliweka ulinzi huo na wakati ule ulikuwa ukitumia maneno gani. Mtu aliyeuweka mwaka 2015 huenda alitumia jina la mtoto ambalo leo asingethubutu kulitumia. Hakikisha pia kwamba kitufe cha herufi kubwa hakijabonyezwa.

Mwenye Mac ana njia moja zaidi, nayo ni nzuri kuliko kukisia. Fungua Keychain Access, programu ya Mac inayotunza manenosiri, andika "backup" kwenye sehemu ya kutafutia, na ukiona ingizo lenye jina kama "iOS Backup" au "iPhone Backup", lifungue kwa kubofya mara mbili, kisha weka alama kwenye "Show password". Mac itaomba nenosiri lake ndipo ikuoneshe. Ingizo hilo hupatikana tu ikiwa uliikubalia Mac ilikumbuke nenosiri siku ya kwanza.

Kuhusu programu za kuuzwa zinazoahidi kuvunja nenosiri, nashauri uzime matumaini mapema. Tangu toleo la 10.2 la iOS, mfumo unaoendesha iPhone, kila nenosiri linalojaribiwa hupitishwa kwenye hesabu inayorudiwa mara milioni 10 kabla ya kujulikana kama ni sahihi, hivyo kompyuta haiwezi kukisia kwa kasi. Zinaweza kumfaa anayekumbuka sehemu kubwa ya nenosiri na kukosa herufi mbili tatu. Apple nayo haina ufunguo wa akiba wa kukupa.

Ukishindwa, liondoe nenosiri kwenye simu yenyewe, jambo linalowezekana kuanzia iOS 11. Kabla ya hapo, nakili folda ya nakala ya zamani kwenye diski ya nje, kwa sababu nakala mpya ya simu hiyo hiyo huweza kuandikwa juu ya ile ya kwanza. Katika Mac folda hiyo iko ndani ya Library, kwenye Application Support, MobileSync, Backup. Kisha kwenye simu fungua Settings, General, "Transfer or Reset iPhone", gusa "Reset", na uchague "Reset All Settings". Soma maandishi kabla ya kugusa: "Erase All Content and Settings", inayofuta kila kitu, iko chini tu ya "Reset" katika ukurasa huo huo. Utaandika namba ya kufungulia simu na kuthibitisha.

Picha, ujumbe na programu hazitaguswa. Kitakachopotea ni mipangilio: manenosiri ya Wi-Fi, picha ya mandhari ya skrini, mpangilio wa programu kwenye skrini, ruhusa za mahali na faragha, na kadi za Apple Pay kwa wanaozitumia. Ikiwa umewasha "Stolen Device Protection" (ulinzi wa simu ikiibiwa) na uko mbali na nyumbani au kazini, simu inaweza kukutaka usubiri saa moja kwanza, si hitilafu.

Sasa chomeka simu, ikubalie kompyuta upya, na utengeneze nakala. Utachagua tena kama ifungwe au la. Mimi ningeifunga, kwa kuwa nakala isiyofungwa haibebi manenosiri yaliyohifadhiwa, taarifa za afya wala historia ya simu zilizopigwa. Nenosiri jipya ningeliandika kwenye karatasi na kuiweka pamoja na vyeti vya nyumbani.

Kwa ambaye simu yake imeshafutwa au kuibiwa, njia hii haiwezi kuifungua nakala ya zamani. Aangalie iCloud, kisha afungue "Manage Backups" katika Finder: nakala zilizofungwa huonesha alama ya kufuli, na huenda chini yake ipo nyingine ya zamani isiyo na alama hiyo. Iliyofungwa asiifute, bali aihifadhi kwenye diski ya nje. Nenosiri likimrudia kichwani baada ya miezi kadhaa, bado litaifungua.