Kupanua patisheni bila kuzima seva

Seva ya duka la jumla Kariakoo haizimwi saa tano asubuhi. Wateja wamejaa kaunta, risiti zinatoka, na diski imebakiwa na nafasi kiduchu. Kama seva ni ya Linux, nafasi inaongezwa ikiwa kazini, mradi ufuate mpangilio: kwanza diski, kisha patisheni (kipande cha diski), mwisho mfumo wa faili (mpangilio wa kuhifadhi faili ndani ya kipande hicho).

Zile namba za zamani za kutaja mahali kwenye diski kwa silinda, vichwa (255) na sekta (63), usihangaike nazo. Kwa hesabu hiyo BIOS (programu za kuwashia kompyuta) za zamani ziliishia silinda 1024, yaani takriban GB 8.4, na tangu zamani hazielezi umbo halisi la diski. Siku hizi kila sekta, yaani kipande kidogo kabisa cha diski, ina namba yake moja, kuanzia 0. Vipimo vya kuchunga ni vitatu: sekta ya mwanzo ya patisheni, sekta yake ya mwisho, na ukubwa wa sekta yenyewe. Sekta ya mwisho unaweza kuisogeza mbele. Ya mwanzo usiiguse kamwe, kwa sababu mfumo wa faili unahesabu kila kitu kutokea hapo.

Hakikisha UPS ina chaji, maana umeme wa jiji hili haukuagi ukiondoka. Chukua chelezo ya data, kisha nakili jedwali la patisheni kwenye flashi, si kwenye diski hiyo hiyo. Katika mifano hii diski ni sda, na patisheni ya kupanuliwa ni ya pili, sda2:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,MOUNTPOINT
sudo sfdisk -d /dev/sda > /media/flashi/sda.txt

Faili hilo ni dogo sana, lakini ndilo litakalorudisha mipaka ya zamani mkono ukiteleza.

Kama ni mashine pepe na diski yake umeshaiongeza upande wa VMware au Proxmox, mara nyingi kerneli (kiini cha Linux) bado inaona ukubwa wa zamani. Iamuru ipime upya:

echo 1 | sudo tee /sys/class/block/sda/device/rescan

Diski inayoitwa vda haihitaji hatua hii, hupata taarifa yenyewe.

Sasa patisheni. Kwenye Ubuntu na Debian, growpart, amri ya kupanua patisheni, imo ndani ya kifurushi cha cloud-guest-utils. Anza na jaribio lisiloandika chochote:

sudo growpart --dry-run /dev/sda 2
sudo growpart /dev/sda 2

Kati ya sda na 2 pana nafasi. Wengi huandika sda2 na amri hukataa. Soma matokeo ya jaribio: start lazima ibaki ile ile, size ndiyo iongezeke. Ukijibiwa NOCHANGE, mara nyingi kuna patisheni nyingine imekaa mbele yake, kwa kawaida ya swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM). Hiyo izime kwa swapoff, ifute, na uiondoe kwenye /etc/fstab ndipo urudie. Baadaye tengeneza swap ya faili.

Ukitumia fdisk badala ya growpart, unaweza kukutana na "Device or resource busy". Jedwali jipya limeshaandikwa, ila kerneli imegoma kulisoma upya kwa kuwa diski inatumika. Hapo watu hukimbilia kuwasha seva upya, na hakuna sababu. Toa amri hii:

sudo partx -u /dev/sda

Hatua ya mwisho hutegemea mfumo wa faili. Kwa ext4 unataja patisheni, kwa XFS unataja mahali ilipofungwa (mount), mfano /:

sudo resize2fs /dev/sda2
sudo xfs_growfs /

Kama kuna LVM (tabaka la Linux linalogawa nafasi ya patisheni kuwa volyumu), anza na pvresize /dev/sda2, kisha lvextend -r -l +100%FREE pamoja na jina la volyumu yako. Ile -r hupanua na mfumo wa faili papo hapo. Hakiki kwa df -h.

Kupunguza ni habari nyingine. ext4 haipungui ikiwa imefungwa kwenye mfumo, na XFS usiitegemee kwa hilo. Panga usiku, duka likishafungwa.

Ukubwa wa sekta ndio unaowatia watu hasara bila kujua. Baadhi ya makasha ya USB ya kuwekea diski huitangaza diski kuwa na sekta za baiti 4096, ilhali ikichomekwa moja kwa moja kwenye SATA inajitangaza kwa baiti 512. Patisheni iliyoundwa ndani ya kasha kuanzia sekta 2048 ipo MiB 8 kutoka mwanzo wa diski; ukiihamishia kwenye seva, 2048 hiyo hiyo inasomwa kama MiB 1, na diski inaonekana tupu. Data ingalipo. Usikubali kuifomati; irudishe kwenye kasha lake, nakili faili, kisha unda patisheni upya ikiwa kwenye SATA. Kabla ya kuhamisha, linganisha pande zote mbili (hapa diski ni sdb):

cat /sys/block/sdb/queue/logical_block_size